Kidonda Nyuma ya Goti

Msusi yule alishinda amesimama nyuma ya vichwa vya watu, na nyuma ya goti lake mwenyewe kulikuwa na kovu. Alilipata utotoni, kibatari kilipomwangukia usingizini. Wateja walipomuuliza, aliwaambia mamba alimwonja akamtema.

Ukubwani kovu likachanika. Akalipaka dawa, likafunga, likachanika tena. Safari hii halikufunga. Kingo za kidonda ziliumuka zikawa ngumu, na katikati pakavuja damu kila alipochuchumaa. Akawa anakifunga kitambaa asubuhi, anavaa gauni refu, anaenda kazini. Harufu ilipoanza, alimwaga mafuta ya nywele sakafuni na kuusingizia mfereji wa nje.

Aliyemtolea uvivu ni wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye walisuka pamoja na kutaniana kutwa.

"Wifi, mfereji nimeuzibua jana kwa mikono yangu. Kinachonuka ni wewe."

"Nuka mwenyewe na mumeo."

"Leo sitanii. Pandisha gauni."

Akapandisha. Wifi akafungua kitambaa, akakifunga tena, akamshika mkono kwenda hospitali.

Hospitali walikata kipande cha nyama wakakipima. Daktari, mama wa makamo, akawaambia ni saratani ya ngozi, imeota kwenye kovu.

"Daktari, kovu hili nimekua nalo. Halijawahi kunifanya kitu."

"Makovu ya moto mengine hugeuka hivyo baada ya miaka mingi, mama. Kidonda kisichopona juu ya kovu si cha kungojea. Huu mguu hatuwezi kuuacha."

Ukakatwa juu ya goti. Akarudi kazini na magongo, akawa anasukia kwenye kiti, wateja wakikaa chini mkekani.

Siku moja, akipasua njia kwenye kichwa cha mteja mgeni, vidole vyake viligota kwenye kovu la moto, na juu yake kidonda chenye kingo ngumu. Akaacha kusuka.

"Dada, hiki kina muda gani?"

"Kitana tu kinanikwaruza. Suka."

"Kaone daktari. Mguu wangu uliondoka hivi hivi."

"Nimekuja kusukwa, sikuja kuaguliwa!"

Mteja akajifunga kilemba juu ya nusu kichwa, akatoka. Wifi akamkimbilia mpaka barabarani, akarudi peke yake.

"Ameniita mchawi."

Msusi hakucheka. Asubuhi ile, akioga, alikuwa amegusa uvimbe kwenye kinena, mgumu kama kokwa, na tangu hapo alitafuta pa kuanzia. Sasa akasema. Wifi akafunga saluni mchana kweupe, wakaenda.

Daktari aliuminya ule uvimbe, akaagiza picha ya kifua. Kisha akawaambia ugonjwa umeshapanda kwenye tezi hadi mapafuni, na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu.

Njiani kurudi, walipokaribia nyumbani, msusi akasimama akaegemea magongo.

"Yule dada, wifi. Ungemshika tu."

"Nilimshika," wifi akasema, akanyoosha mkono uliochubuliwa kwa kucha. "Alinishinda nguvu."