Zamu ya Chura

Asubuhi ile zamu ya kuosha masufuria ilikuwa ya Kidoti na Chura. Walichutama ukingoni mwa mto, wamezifunga sketi fundo magotini, wakisugua masizi kwa mchanga na kubishana ni nani aliyekoroma zaidi hemani. Kidoti aliitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake. Chura aliitwa Chura kwa sababu alijua kuogelea kabla hajajua kufunga viatu. Walikulia mtaa mmoja, mlango kwa mlango, wakigombana na kupatana kabla chai haijapoa. Walipomaliza shule walikubaliana kwamba kiangazi hicho hawatakaa nyumbani kutazamana na kuta. Wakaenda kujitolea kambini.

Kambi ilikuwa juu ya korongo. Basi lilileta watoto wa mjini, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga mahali pasipo na sakafu wala lami, na vijana wa kujitolea waliwafundisha kuwasha moto, kutumia dira, kukwea miamba na kupanda miche kwenye mteremko uliobaki kipara. Kidoti hakuwa amewahi kucheka kiasi kile maishani mwake. Safari moja walipotea msituni wakiwa na kundi zima la watoto, na wadogo wakaanza kulia. Chura akawaambia hawajapotea, ila wamechagua njia ndefu kwa sababu ya mandhari. Watoto wakafuta machozi, wakaanza kutazama mandhari. Walirudi kambini jua likizama, wanaimba, miguu imejaa malengelenge, na Kidoti alihisi kwamba angeweza kuishi hivyo mpaka uzeeni.

Kilichowaleta watoto hasa kilikuwa ni kuvuka korongo. Kamba mbili zilifungwa kutoka mwamba hadi mwamba, ya chini ya kukanyaga na ya juu ya kushika, na chini kabisa mto ulipita kati ya mawe. Kidoti alikuwa ameona kwamba ile kamba ya chini imeanza kufumuka, nyuzi zimesimama kama ufagio uliochakaa. Alimwendea mkuu wa kambi, ambaye watu wote walimwita Kamanda ingawa hakuwahi kuwa askari wa kitu chochote.

"Kamanda, ile kamba imechoka," alisema.

"Sote tumechoka, binti yangu. Mbona sisi hatujabadilishwa?"

Waliokuwepo wakacheka. Kidoti naye akacheka, maana ilichekesha.

Baada ya masufuria kuoshwa, watoto walipangwa mstari kwenye mwamba. Wa mbele akagoma. Alisema tumbo linamuuma, na nyuma yake matumbo mengine yakaanza kuuma pia. Chura akavua viatu.

"Napita mimi kwanza," akawaambia. "Mkiona sijafa, na nyinyi mje."

Alipita huku akijitingisha makusudi ili wacheke. Alikuwa amekaribia ng'ambo kamba ilipokatika. Ustadi wake wote wa kuogelea haukumfaa, kwa sababu aliangukia mawe kabla ya kuyafikia maji. Kidoti alishuka korongo kwa makalio, akichubuka viwiko, akamkuta macho yakiwa wazi na kinywa kimejaa mto. Muuguzi wa kambi aliyafumba yale macho. Walimbeba mpaka stoo, wakamlaza katikati ya marundo ya mahema, wakamfunika turubai. Kamanda aliwapeleka watoto kupanda kilima na akawataka waimbe kwa sauti.

Kesho yake asubuhi Chura alikuwa kwenye foleni ya chai.

Nguo zake zilikuwa zimemganda mwilini, na maji yalimtiririka kwenye mikono ya shati na kutengeneza kidimbwi miguuni pake. Jani la mtoni lilikuwa limemnasa sikioni. Mpishi alimtazama, akatazama sufuria kuona kama chai itatosha.

"Umeamkaje?" akamuuliza.

"Nimeamka nimekufa," alijibu Chura, "lakini sijambo."

Mpishi akamjazia kikombe. Chura hakunywa. Alikikumbatia kwa viganja vyote viwili apate joto, na chai ikapoa hapo hapo. Kidoti alisogea kwenye benchi ili kumpa nafasi, na baridi ya mwenzake ikampanda pajani.

"Iliuma?" akauliza.

"Si sana. Nilisikitika zaidi. Nilikuwa nimebakiza hatua chache."

Kidoti akamtoa lile jani sikioni. Hakujua pa kuliweka, akalitia mfukoni.

Kamanda alifika akiwa ameshika filimbi yake, akasimama mbele ya Chura. Uso wake, uliokuwa umesinyaa tangu jana, ukaanza kukunjuka.

"Unaweza kufanya kazi?" aliuliza.

"Naweza. Lakini ile kamba ibadilishwe."

"Kila jambo na wakati wake," alisema Kamanda. Akamgeukia muuguzi, ambaye alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya safari ili akatoe taarifa ya kifo. "Vua viatu, mama. Unakwenda kuripoti nini? Mtu huyu hapa, yuko zamu."

Alasiri hiyo Kamanda aliiunga kamba kwa fundo kubwa.

Maji hayakuacha kumtoka Chura. Hayakuongezeka wala kupungua, yalitiririka tu, mchana kutwa, safi na ya baridi. Kiangazi kilikuwa kimepamba moto na tangi la kambi lilikuwa limebaki tope. Watoto waligundua mapema kwamba ukisimama kwenye kivuli cha Chura, jua halikupati. Wengine walikinga chupa zao chini ya viwiko vyake. Kamanda alipoona hivyo alimhamishia kwenye kitalu cha miche, na kazi ya Chura ikawa ni kutembea kati ya mistari akiwa amenyoosha mikono. Miche ikachangamka. Gari la maji lililokuwa likipanda kutoka mjini likaambiwa lisije tena.

"Unaona?" Kamanda alimwambia Kidoti. "Kujitolea ndiko huku. Wengine wanajitolea wakati wao. Mwenzako kajitoa mzima mzima."

Askari wa polisi alikuja hata hivyo, kwa sababu mzazi mmoja alisikia habari kutoka kwa mwanawe. Askari huyo alikuwa kijana mwenye haya, na alimfuata Chura kitaluni akijihadhari na tope.

"Samahani, dada. Wewe ndiye marehemu?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana."

"Asante."

"Una malalamiko?"

"Ninayo. Kamba ilikuwa mbovu, na Kamanda aliambiwa. Huyu ndiye aliyemwambia." Akamwonyesha Kidoti kwa kidole, na tone likaanguka kutoka ncha ya kidole hicho. Kidoti akatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo.

 Askari alieleza, kwa upole wa mtu anayetamani mambo yawe vingine, kwamba kesi ya kifo inahitaji maiti, na maiti hapa haipo, kwa sababu inatembea. Kama Chura angetaka kulalamika kama mtu mzima na afya zake, hilo lingewezekana, lakini basi ingebidi aonyeshe alipoumia.

"Nimekufa," alisema Chura.

"Ndiyo, dada. Hapo ndipo tunapokwama."

Alikunywa chai na Kamanda, akaondoka.

Siku chache baadaye akaja mama yake Chura pamoja na mjomba. Mama alikuwa amebeba mfuko wenye gauni jeupe na viatu vipya. Alimkuta binti yake kati ya miche, akaweka mfuko chini, akaanza kumkamua maji shatini kama mtu anayekamua nguo za kufua, akihama kutoka mkono huu kwenda ule. Kila alipokamua, maji yalirudi. Hakuacha. Mjomba alisimama pembeni amevua kofia.

"Twende nyumbani, mwanangu," hatimaye mama alisema. "Tumekuandalia mahali pazuri. Ukapumzike."

"Mama, nikiondoka watasema nilikwenda likizo."

"Acha waseme."

"Na watoto watapita pale pale."

"Hao watoto wana mama zao!" Mama alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Na wewe una wako. Mbona hunionei huruma?"

Chura alimwegemezea kichwa begani. Blauzi ya mama ikalowa mpaka kiunoni. Mjomba akaenda kuzungumza na Kamanda kiume, na Kamanda akamweleza, kwa heshima zote, kwamba hamzuii mtu, kwamba binti ni mtu mzima na amekubali kujitolea kwa hiari yake mwenyewe, na kwamba familia inapaswa kujivunia. Walishuka mlima na mfuko wao. Kidoti aliwasindikiza mpaka kwenye njia panda. Walipoagana mama alimshika kidevu, akautazama uso wake mkavu.

Ndipo Kidoti alipokata shauri. Mchana mmoja, watu wakiwa wamejinyoosha kukwepa jua, alichukua kisu cha jikoni, akaenda kwenye mwamba na kuikata ile kamba ya chini pale ilipofungwa. Ilikuwa rahisi, ilikatika kama mkate. Aliitazama ikining'inia korongoni, akajisikia mwepesi. Akabaki ameketi pale pale mpaka walipokuja kumkamata, kisu mapajani.

Kamanda hakumfokea. Alisikitika.

"Nilikuchukulia kama mwanangu," alisema. "Unajua kuna watoto wangapi wanaota kuvuka? Wewe unaharibu mali ya watoto?"

Vijana wengine wa kujitolea waliangalia viatu vyao. Wengi walikuwa wamekula naye sahani moja. Kidoti aliwatazama mmoja mmoja akitafuta wa kumtetea, akaambulia patupu. Aliambiwa afungashe. Chura alimsaidia kukunja blanketi, na blanketi likalowa, wakacheka kidogo.

"Ungeikata zamani," alisema Chura.

"Najua."

"Sikusemi. Nasema tu."

Kidoti alikuwa bado anafunga mkoba aliposikia filimbi. Kamanda alikuwa ameivuta kamba, ameipiga fundo la pili, na sasa watoto walikuwa wanapangwa mstari. Chura aliliacha blanketi. Alitoka hemani akatembea kwa haraka kuelekea korongoni, nyayo zake zikiacha alama nyeusi vumbini, akateremka mpaka mtoni na kusimama kati ya mawe, chini kabisa ya kamba. Maji yalimfika kiunoni. Akanyanyua mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu anayesubiri kurushiwa mtoto. Hakuishusha mpaka wa mwisho alipovuka, na hakuishusha hata baada ya hapo, kwa sababu kesho yake wangevuka wengine.

Miche ya kitaluni ilikauka juma hilo hilo. Kamanda alisema si neno, miche itapandwa mingine. Kilichokuwa muhimu ni kwamba kambi sasa ilikuwa na ulinzi ambao kambi nyingine hazikuwa nao. Wageni wenye suti walipandishwa mlimani kuja kumwona. Mmoja aliuliza kama kamba yenye mafundo si hatari. Kamanda akamwonyesha chini.

"Hatari ingekuwepo kama yule asingekuwepo," alisema. "Na yeye yupo daima."

Mgeni akaridhika, akapiga picha.

Kiangazi kilichofuata Kidoti alikuwa anafanya kazi mjini, dukani kwa muuza vitambaa, na siku yake ya mapumziko alipanda basi, akateremka korongo kwa njia ya nyuma ambako watu wa kambi hawangemwona. Alimkuta mama yake Chura ukingoni, ameketi juu ya jiwe ambalo tayari lilikuwa limelainika. Alikuwa anakuja mara kwa mara. Wakasalimiana, mama akampisha sehemu ya jiwe.

Chura alikuwa pale pale. Ukijani wa mtoni ulikuwa umemwota mabegani, na konokono wadogo walikuwa wamepanga mstari shingoni mwake kama shanga. Hakugeuka.

"Ni wewe, Kidoti?" aliuliza, macho yakiwa juu. "Nimekujua kwa kikohozi. Hebu nipe habari za mtaani."

Kidoti akampa zote. Nani kaolewa, nani kagombana na nani, paka wa jirani kazaa kwenye kabati la nguo. Chura alicheka mpaka mafundo ya maji yakamtoka puani, ila mikono haikutikisika.

"Unachoka?" Kidoti aliuliza.

"Mabega tu. Nyamaza kidogo, wanakuja."

Juu, watoto walianza kuvuka. Kamba ililia, mafundo yakajibana na kujiachia. Mtoto mmoja mnene alifika katikati akasita, na kiatu chake kikachomoka. Kilianguka kikizunguka hewani. Chura alijinyoosha, akakidaka kwa mkono mmoja, akakitupia ng'ambo kikatua juu ya mwamba, wima, kana kwamba kimevuliwa hapo. Kisha mkono ukarudi mahali pake.

Mtoto akafika ng'ambo. Akakivaa kiatu chake bila kuangalia chini, na wenzake wote wakampigia makofi kwa ushujaa wake.