Udongo Uliooshwa wa Kahambu

Kahambu alichota maji kisimani, akayanusa, akayamwaga. Yalinuka dizeli. Shamba hilo la Bwera alilirithi kwa baba yake, na upande wa juu, kupakana nalo, kulikuwa na kituo cha mafuta cha Musinguzi, ambacho tangi lake lilivuja chini kwa chini. Kufukua tangi kungefunga biashara. Musinguzi aliona heri awaite mafundi wa Kasese waoshe udongo.

Fundi wao, Oyet, alitoboa matundu shambani, akasukuma sabuni ya kiwandani ndani kwa pampu. Sabuni hiyo hung'oa mafuta yaliyoshikamana na udongo, kisha pampu nyingine huyavuta juu. Povu lilitoka jeusi, likawa la kijivu, likawa jeupe. Katika lile jeupe vilitoka vitovu. Marehemu baba alikuwa amezika kitovu cha kila mwanawe chini ya mgomba. Vilikuwa vibichi kama vilivyokatwa asubuhi ile. Oyet akavitia kwenye pipa la taka.

"Fundi, rudisha! Ile ndogo iko yangu."

"Mama, kitu inatoka na povu ni uchafu. Inaenda Kasese kuchomwa."

"Kumbe mimi niko uchafu?"

"Sijasema wewe. Nimesema pipa."

Lori liliondoka na pipa. Kahambu alipokanyaga shamba, aliteleza. Udongo ulikuwa mkavu. Aliteleza polepole, wima, akapita jiko lake, akapita kisima, akafika barabarani. Alipanda tena, akateleza tena.

"Mama, breki yako imeisha!" alisema mwendesha boda, akampisha.

Maji yalipimwa, yakawa safi. Musinguzi alikuja kuyaonja, akasimama imara katikati ya migomba.

"Wewe hutelezi?" Kahambu aliuliza kutoka barabarani.

"Niteleze kwa nini?"

Yeye hakuwa na kitovu humo. Alichokuwa nacho ardhini ni dizeli, na tangi lilikuwa bado linavuja.

Kahambu alikwenda kituoni na kikopo. Alijipaka dizeli nyayoni, akaingia shambani, akasimama. Tangu hapo hujipaka kila asubuhi. Musinguzi humjazia kikopo mwenyewe, akimwita kastoma.

Kisima kiliponuka tena, Oyet alirudi. Alipima maji, akatazama miguu ya Kahambu.

"Mama, hii dizeli inatoka kwako."

Kahambu alichovya vidole kikoponi, akapaka kisigino kilichoanza kukauka.