Kuni Kavu

Jumamosi moja ya mwaka 1998, saa tatu asubuhi, fundi Twahiru wa mtaa wa Buyenzi aliingia mtaa wa Carama na jiko la kuni begani, akalitua sebuleni kwa Concilie na kuomba maji ya kunywa. Jiko alilitengeneza kwa pipa la mafuta. Maji ilibidi ayaombe mara mbili, maana Concilie siku hizo alikuwa hatulii: mara yuko mlangoni, mara kitandani kwa Bella, binti yake wa miaka mitano, kusikiliza kifua. Tangu risasi za vita kutoka mlimani zilipowalazimisha kupikia ndani, mtoto alikuwa akikohoa, vikohozi viwili vifupi na kimoja kirefu. Daktari alisema wazi: moshi ukiendelea, Bella hamalizi mwaka.

Twahiru alikuwa mtu wa kunung'unika, lakini kazi aliijua. Alipanga matofali, akamwaga mchanga juu yake, akalisimamisha jiko mbali na ukuta.

"Ukuta ukishika moto, Mama Bella, mi siko fundi tena, niko muuaji," alisema.

Alitoboa bati la paa tundu kubwa kuliko bomba la moshi, ili chuma cha moto kisiguse mbao, akalizungushia kola ya bati na udongo. Bomba akalipitisha juu ya paa kwa urefu wa mkono. Akaagiza ndoo ya mchanga ikae karibu, na dirisha lisifungwe lote.

Wakawasha. Jiko lilivuta vizuri, hata uzi wa moshi haukubaki ndani. Concilie akatoka kutazama. Juu ya bomba hapakuwa na kitu.

Twahiru alipanda, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. "Baridi," alisema. Kisha akatazama ng'ambo ya kibonde, upande wa Kinama. Nyumba moja isiyo na paa ilikuwa inatoa moshi. Ulianzia hewani, pale ambapo bati lingekuwepo, ukashuka ndani ya kuta. Twahiru akapapasa mabati aliyoyakalia, akakuta matundu ya misumari ya zamani yaliyozibwa kwa lami.

"Mabati haya yalipigiliwa kwengine kwanza," alisema. "Moshi umetokea huko yalikotoka."

"Utaweza kurekebisha?"

"Bomba iko sawa. Mi nafunga bomba tu." Akashuka, akakusanya vyombo vyake, akaswali adhuhuri uani, akaenda zake.

Mume wake, Callixte, aliporudi kutoka bandarini, Concilie alimweleza. "Mabati ni mabati," alijibu, akavuta sahani. Ni yeye aliyeyaleta kwa lori, mwaka ule watu wa Kinama walipokimbia vita, na Concilie ndiye aliyemshikia ngazi. Hakuuliza yametoka wapi. Alijua, jamani, na hakuuliza.

Siku tatu hakuweza kukaa kitini. Bella akaacha kukohoa, na bado mama yake hakukaa. Siku ya nne akavuka kibonde.

Nyumba ilikuwa ya Spès, aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi na mwanawe Jimmy. Mumewe, Népomuscène, hakurudi. Ndani ya kuta zake zilizo wazi Spès alikuwa amefunga shitingi, turubai lile la misaada, na moshi ulikuwa ukiingia chini yake.

"Karibu, dada," alisema. "Leo umepika maharage."

"Na ndizi."

"Nimesikia harufu." Akamsogezea kigoda, lakini Concilie alibaki amesimama. "Mabati iko muzima?"

"Iko muzima."

"Haivuji?"

"Apana."

"Nepo alipigilia yeye mwenyewe. Na vile alikuwa anaogopa kupanda!" Spès akacheka kidogo.

Aibu ilimpanda Concilie mpaka masikio yakawaka. Neno alikuwa nalo mdomoni: tutayarudisha. Lakini bila paa hakuna bomba, na bila bomba kile kifua kinarudi. Akalimeza.

Chini ya shitingi Jimmy akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Concilie alikitambua kikohozi kile, kama mtu anavyotambua nguo aliyoishona mwenyewe.

"Kitu kimoja tu," Spès alisema. "Uwashe kuni kavu. Mbichi inamuumiza mutoto."

"Kavu tu. Nakuahidi."

Na alimaanisha, msimwonee. Wiki mbili nzima alianika kuni juu ya paa, juu ya mabati yale yale, na kuzigeuza mchana kutwa. Kisha mvua zikaanza, mapigano yakafunga barabara, na sokoni zikabaki kuni za mikaratusi iliyokatwa jana.

"Mama, njaa," Bella alisema. Sauti yake ilikuwa safi na mashavu yameanza kujaa.

Concilie alihakikisha ndoo ya mchanga iko mahali pake na dirisha limeachwa wazi kidogo. Akasukuma kuni mbichi ndani, akafunga mlango wa jiko barabara, kama alivyofundishwa. Ndani hamkubaki moshi. Ng'ambo ya kibonde kikohozi kikaanza. Basi akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, akakisikiliza mpaka maharage yakaiva.