Isipokuwa Ndugu wa Damu

Mimi ni mtu wa kuongea. Sifichi, wala sioni haya. Mtaa mzima wa mafundi cherehani wananiita Redio, na wakitaka kunichokoza wanasema betri zangu hazijawahi kuisha. Mteja akileta suruali ya kupunguza kiuno, anaondoka na suruali yake pamoja na habari za watu ambao hakuwauliza. Ndivyo nilivyoumbwa. Sasa mtu kama mimi akikwambia kwamba kila asubuhi alikuwa anasimama mbele ya mtu anayempenda kuliko wote, karibu kiasi cha kumgusa, na hasemi neno, ujue kuna jambo.

Mtu huyo ni kaka yangu. Tumezaliwa wawili tu. Baba alipofariki, duka lilibaki mikononi mwa kaka na mimi nikabaki mikononi mwake, vyote pamoja. Nina shoto, na mafundi wengine walishasema mtoto wa shoto hafundishiki, atakuja kuharibu vitambaa vya watu. Kaka hakunipiga mkono wala hakujaribu kunigeuza. Alihamisha kiti chake tu. Badala ya kukaa kando yangu akakaa mbele yangu, tukatazamana kama mtu na kioo chake, nikawa namfuata sindano kwa sindano. Na maswali je! Nilimwuliza maswali mpaka akanibandika jina la Chiriku. "Chiriku, vuta pumzi kwanza," ndivyo alivyokuwa akisema, uzi uko mdomoni. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Kisha macho yakamwacha. Yalianza kwa ukungu, akawa anasogea dirishani, halafu anasogea mlangoni, halafu hakukuwa tena na mahali pa kusogea. Hospitali wakasema tumechelewa. Kwa muda alishona kwa kupapasa, na ninakuapia alishona vizuri kuliko wengi wenye macho, hadi siku mteja aliporudisha suruali yenye mguu mmoja mrefu. Walicheka wote wawili, kaka akaomba radhi. Mteja alipoondoka, kaka akakaa kwenye cherehani yake, mikono juu ya gurudumu, bila kulizungusha.

"Sitakaa hapa nilishwe na mtoto niliyemfundisha kushika sindano," aliniambia. Nilidhani ni hasira za siku moja. Asubuhi akachukua fimbo, akasema anakwenda kunyoosha miguu. Hakurudi.

Nilimtafuta mpaka nikachakaa. Nilipompata alikuwa amekaa nje ya kituo cha mabasi, bakuli la bati mapajani. Kaka yangu! Fundi aliyekuwa akivaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kufagia duka! Nikapiga ukelele, "Kaka!" Akakaza uso. "Umenifananisha, mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayemsemesha mgeni. Kesho yake nilipofika pale, hapakuwa na kaka wala bakuli. Ilinichukua msimu mzima wa mvua kumpata tena, kwenye ngazi za duka la dawa, upande wa pili wa mji.

Hapo ndipo nilipojifunza kufyata ulimi. Nilijiambia, akisikia sauti yangu anahama, na akihama safari hii labda nisimwone tena. Mwenye saluni wa mlango wa pili, ambaye ndiye rafiki yangu, alicheka hadi akashika ukuta.

"Wewe? Unyamaze? Wewe Redio?"

"Nitanyamaza."

"Hebu anza sasa tuone."

Nilimsonya, lakini nilinyamaza kweli. Niliazima ndala zake ili kaka asinitambue kwa viatu vyangu vya kisigino. Niliacha kujipaka mafuta yangu ya kunukia. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nilipita pale nikamwekea mkate mikononi, maana bakulini ungepata vumbi, na kwa sababu mikononi vidole vyangu viligusa vyake. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yangu ya siku nzima. Yeye husema, "Ubarikiwe," basi. Mimi nageuka naenda zangu, maneno yamenijaa kooni, nayameza moja moja njia nzima.

Shati lake lilipochanika kwenye kiwiko nilimshonea jipya. Nilikuwa mjanja, ati. Kola nilikata kwa mtindo ambao duka letu halijawahi kuutumia, mfuko nikauweka upande mwingine, lebo nikaibandua. Mishono yote nikapitisha kwa mashine, isipokuwa matundu ya vifungo, ambayo kwetu hupigwa kwa mkono sikuzote. Nilimwekea magotini likiwa kwenye karatasi, nikaondoka. Kesho yake nikamkuta amelivaa. Nilirudi dukani nikalia juu ya kitambaa cha mteja mpaka ikabidi nikifue. Nikamshonea la pili, na la tatu.

Msidhani nilikuwa nimeridhika. Nyumbani nilikuwa naitia cherehani yake mafuta kama ya mtu anayeitumia. Kikombe chake sikukigawa. Nikipata habari tamu, na mimi habari tamu zinanitafuta zenyewe, cha kwanza nilichowaza ni kumpelekea kaka, halafu nakumbuka. Nilikuwa na hamu ya kuambiwa nivute pumzi kwanza. Mtu mzima mimi, nina mvi, nina hamu ya kukatizwa maneno.

Ndipo wakaja na sheria ndogo za mji.

Gari la matangazo lilizunguka likipiga kelele, na mabango yakasimikwa kila kona. Ni marufuku kuomba kwenye ngazi, milangoni mwa benki, hospitali, maduka ya dawa, vituo vya mabasi na nyumba za ibada. Ni marufuku kunyoosha mkono au kumwita mpita njia. Sawa, hayo nilishayasikia miji mingine. Lakini hawa wetu walikwenda mbali zaidi: na anayetoa naye ana kosa. Mtoaji atatozwa faini, mpokeaji atapakiwa kwenye lori apelekwe kambini, mbali kabisa nje ya mji. Chini kabisa ya bango, kwa herufi za kubania macho, waliongeza: isipokuwa mtu anayemsaidia ndugu yake wa damu, mradi wote wawili wakiri udugu wao mbele ya askari.

Nilisoma mstari ule hadi watu wakaanza kunisukuma.

"Si ndiyo hivyo, umepona," akasema mwenye saluni. "Askari akija, sema ni kaka yako."

"Niseme kwa mdomo gani? Nikiufungua tu, anahama."

"Akiri na yeye."

"Yule? Alishanikana mbele ya kituo kizima cha mabasi. Atakiri leo kwa sababu ya bango?"

Mwenye saluni akarudi kuusoma mstari ule upya.

Sheria ilipoanza kufanya kazi, mji ulibadilika kwa siku moja. Watu waliokuwa wakimwachia kaka chochote sasa walivuka barabara mapema ili wasipite karibu naye. Wengine waliangalia juu, kana kwamba mawinguni kumeandikwa kitu. Mimi nilisimama ng'ambo, nyuma ya kibanda cha magazeti, nikamtazama. Alikuwa amekaa wima, shati langu limefungwa mpaka kifungo cha juu, bakuli tupu. Kila akisikia hatua aliinua uso kidogo, kisha akaushusha. Hakuita, maana kuita ni kosa. Jioni akakunja karatasi yake ya kukalia, akaondoka kwa fimbo. Kesho yake hivyo hivyo. Askari wa mji mwenye filimbi shingoni alikuwa akizungukazunguka pale kama mwenye nyumba.

Asubuhi iliyofuata nilimwona kaka akiokota kitu karibu na mguu wake, akakinusa, akakitupa. Lilikuwa ganda la ndizi. Sikungoja askari ageuke. Nilivuka barabara na mkate wangu mkononi, ndala zinapiga lami, nikamwekea mikononi kama siku zote.

"Ubarikiwe," akasema.

Na filimbi ikalia.

Askari alinishika kifundo cha mkono. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa mnene, jasho limemlowesha koti, na alionekana amechoka na kazi ile kuliko sisi.

"Mama, sheria unaijua?"

Nikaitikia kwa kichwa kuwa naijua.

"Huyu mzee ni ndugu yako?"

Jamani, mbona dunia ina maswali! Watu wakaanza kusimama. Nikaona lori kule pembeni, na ndani yake mama mmoja mzee ameshika kikapu. Nikisema, kaka atasikia, atanikana, na hata lori lisipomchukua leo, kesho ngazi zile zitakuwa tupu. Nisiposema, lori. Nikaitikia kwa kichwa kwa nguvu: ndiyo, ndiyo, ndugu yangu.

"Sema basi, nisikie."

Nikaonyesha kidole mdomoni. Nikapunga mkono. Nikafanya hivi na hivi. Wazo hilo nililipata pale pale, na sijui hata lilitoka wapi.

"Ala! Bubu?" Askari akalegeza mkono. "Pole, mama." Akamgeukia kaka. "Mzee, huyu mama ni bubu, anasema kwa ishara kwamba wewe ni ndugu yake wa damu. Kweli au si kweli? Ukisema si kweli, wewe unapanda lori na yeye analipa."

Kaka alikuwa ameshika mkate kwa mikono miwili. Nikafumba macho. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya suruali yenye mguu mrefu. Kaka yangu alikuwa anacheka.

"Bubu?" akasema. "Huyo? Afande, huyo tangu azaliwe hajanyamaza hata usingizini. Huyo ni mdogo wangu."

Nikakaa pale pale kwenye ngazi.

"Nitajuaje kama hamkupanga?" askari akauliza. "Mzee, wewe huoni. Na yeye hajasema kitu."

Kaka akafungua kifungo kimoja cha shati, akashika ukingo wake kwa vidole viwili. "Njoo uguse hapa. Mtu wa mkono wa kulia akipiga tundu la kifungo, fundo la mwisho linaangukia huku. Hapa limeangukia kule. Fundi wa shoto. Na uzi umerudishwa nyuma mara mbili ndipo ukakatwa, hivyo ndivyo nilivyomfundisha mimi, mtu mmoja tu. Gusa na gauni lake mwenyewe, utakuta hivyo hivyo."

Askari akaangalia kifungo cha shati, akaangalia cha gauni langu. Sijui kama alielewa. Aliifuta filimbi yake kwa koti.

"Tangu lini?" Sauti ilinitoka imekwaruza. "Tangu lini unajua?"

"Tangu shati la kwanza, Chiriku."

Basi nililia. Nililia bila aibu mbele ya wateja wa duka la dawa. Nilikuwa nimeibandua lebo, nimeugeuza mfuko, nimevaa ndala za mtu, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshaniandika jina kifuani mwake!

"Na hukuhama," nikasema.

"Ningetaka kuhama, ningehama siku ile ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?" Akaugeuza mkate mikononi. "Niliogopa. Ukiniambia neno moja, la pili lingekuwa turudi nyumbani, na mimi jibu la hilo sina. Lakini nikawa nasubiri asubuhi."

Askari akakohoa. Akasema sheria ni sheria: bakuli liingie mfukoni, mkono usinyooshwe, watu wasiitwe. Lakini mzee kukaa kwenye ngazi akimngoja mdogo wake, hilo hakuliona kwenye bango. Akapuliza filimbi kwa watu waliosimama, akaenda zake kwenye lori. Yule mama mwenye kikapu alikuwa bado anatutazama, na lori lilipoondoka alikuwa bado anatutazama. Hakuna aliyemuuliza kama ana ndugu.

Nilimshika kaka mkono. Ulikuwa umekauka, mgumu, na ncha ya kidole cha kati bado ilikuwa na sugu la sindano.

"Twende nyumbani," nikasema. "Cherehani yako ipo. Naitia mafuta. Kikombe chako kipo."

"Unaona? Neno la pili."

"Kaka."

"Bado, Chiriku. Usinivute. Nikija nitakuja kwa miguu yangu." Aliumega mkate, akanipa nusu, nasi tukala pale kama zamani tukisubiri wateja. Halafu akasema taratibu, "Kesho njoo. Ila uje unaongea. Nimechoka kusikiliza ndala."

Kesho yake nilivaa viatu vyangu vya kisigino, na nilianza kuongea nikiwa bado ng'ambo ya barabara.