Ndoo Aliyobebwa Nayo Babu Tauno

Hii ninayowaambia hamtaiamini, najua, lakini nilikuwepo na video ninayo kwenye simu.

Babu yangu Tauno alifariki mwezi wa pili. Huku kwetu Ufini mashariki, mtu akishachomwa, majivu yake yanatiwa kwenye chombo, na mtu wake wa karibu anakibeba kwa mikono mpaka kaburini. Bibi Hilja akasema mapema kabisa, kahawa ya msiba haijapoa hata: "Nitambeba mimi."

Tatizo ni vidole vyake. Baridi yabisi imevipinda, hata kopo la jamu namfungulia mimi.

Basi tukaenda duka la mazishi, mimi, bibi na mjomba Jorma, mwanawe mkubwa. Jorma akachagua chombo cha mbao nyeusi, kinang'aa kama piano. Bibi akakinyanyua, kikamponyoka, muuzaji akakidaka kifuani kama kipa.

"Kizuri," bibi akasema. "Kwa mtu mwenye mikono."

Akajaribu cha udongo. Akajaribu cha sufu. Vyote mviringo, vyote laini, hakuna pa kushika.

"Mama, acha tu," Jorma akasema. "Mimi nitambeba baba, wewe utafuata nyuma."

Bibi akafunga koti lake akatoka.

Jumamosi tukawasha sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, kama kawaida. Nimekaa pale juu natoka jasho, bibi anamwagia mawe ya moto maji kutoka kwenye ndoo ya mbao, na mara nikaona. Ndoo ile babu aliitengeneza mwenyewe. Ubao wake mmoja ni mrefu kuliko wenzake na una tundu. Bibi hashiki kitu pale. Anapitisha kiganja tu, ndoo inaning'inia.

"Bibi, hiyo ndoo unaishikaje?"

"Siishiki. Inanishika yenyewe," akasema, halafu akautazama mkono wake. Akanitazama mimi. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

Jorma alipopigiwa simu hakucheka.

"Mama, watu watasema tumemzika baba kwenye ndoo."

"Watu gani? Wote wameshaoga kwetu. Ndoo wanaijua."

Lakini msimamizi wa makaburi akatukatalia. Kinachozikwa pale lazima kioze, na ndoo yetu ilikuwa imefungwa kwa pete za shaba. Jorma akasema, basi, yameisha. Bibi akaniambia nilete nyundo.

Tulipozigonga pete zikatoka, mbao zote zikaanguka chini, pa, zikatandazika kama ua. Nikachimba kwenye simu mpaka nikapata video ya mzee mmoja Mwestonia anafunga ndoo kwa fito za mti. Sielewi neno hata moja.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema usiwe na haraka," bibi akasema. Kiestonia hakijui kabisa.

Tukakata fito za mtarakwa, ule mfupi wa msituni, tukaziloweka kwa maji ya moto humo humo saunani. Bibi anaelekeza, mimi navuta. Zikakatika, tukakata nyingine. Mpaka ndoo ikasimama, imebana. Kifuniko nilikikata kwenye kibao cha bibi cha kukatia mkate. Msimamizi akaigeuza, akainusa, akasema hii itaoza vizuri tu.

Sasa siku yenyewe. Njia ya makaburini ilikuwa bado na barafu. Bibi amepitisha kiganja kwenye tundu, ndoo nyongani, kama anaenda kuteka maji. Mimi narekodi. Watu wote nyuma.

Katikati ya njia mguu ukateleza. Akayumba, ndoo ikayumba naye.

"Mshike," Jorma akaninong'oneza. "Wewe uko karibu, mshike."

Mkono nilishaunyoosha. Bibi bila kugeuka akasema, "Atakayenigusa hatakula keki."

Nikaurudisha.

Akasimama. Akaiweka miguu yake sawa, polepole, akaenda. Na alipofika hakumpa mtu. Alipiga magoti kwenye theluji, akaishusha ndoo shimoni mwenyewe, mpaka bega likaingia, halafu akautoa mkono mtupu. Akaukunja ngumi kadiri unavyokunjika, akauinua juu kama mtu aliyefunga goli fainali. Mchungaji akasahau neno lake. Jorma, yule yule Jorma, akavua kofia akaanza kupiga makofi, na kwetu makaburini watu hawapigi makofi, lakini wote wakamfuata.

Usiku mjomba mwingine akanigombeza. Angeanguka je, akasema, avunjike nyonga, majivu yamwagike, ungesema nini? Najua ana hoja, ila nikiitazama video natamani kupiga kelele kwa furaha.

Haya, niambieni. Ni bibi yako, barafu ile, mkono wako uko karibu. Wewe ungemshika?