Gari la Mwingi Linalala Al Mansoura

Watu wakishatoka kuswali magharibi, Silvesta alikuwa anatandaza maboksi ya nyanya chini ya jengo lao kule Al Mansoura, ughaibuni, yazuie mafuta ya gari. Haris, yule mlinzi wa jengo, alikuwa amemwambia mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali: gari kulala hapo hakuna neno, neno ni madoa. Basi Silvesta anatandaza, anangoja. Halafu gari linaingia, Probox nyeupe yenye namba za Kenya, vumbi jekundu mpaka madirishani, dereva hakuna.

Gari lenyewe alikwisha kuliuza. Alimuuzia jirani yao wa nyumbani, Levis, anayebeba ndengu kupeleka soko la Mwingi. Waliuziana kama wengi wa kwao wanavyouziana: wakaandikishana kwa chifu, wakapeana mikono, ufunguo ukatoka mfuko huu ukaingia mfuko ule. Kubadilisha jina serikalini walisema watafanya baadaye. Silvesta akapanda ndege, akawa askari wa geti kwenye mnara mmoja wa West Bay. Gari likabaki na jina lake, na kwa sababu jina ni lake, kila jua likizama linamfuata mwenyewe.

Levis alipolikosa mara ya kwanza alipiga simu.

"Broo, gari limefika huko?"

"Liko hapa."

"Sawa. Kuna gunia la ndengu nyuma, usiache panya waliguse."

Alfajiri gari likarudi Mwingi na gunia lake.

Mumbua, mama yake Silvesta, aliposikia hivyo hakuona haja ya kukaa nyumbani akitamani. Jioni moja akaingia kiti cha nyuma na kiondo cha muthokoi, mahindi yake ya kukoboa, akashukia Al Mansoura.

"Umekonda," alimwambia mwanawe. "Hawa watu wanakulisha mchanga?"

"Anakula, mama," Kiprono, mwenzake wa chumba, akajibu kutoka kitanda cha juu. "Kinachomkondesha ni wivu. Mimi napendwa kazini."

"Wewe nyamaza, nawe nimekuletea."

Ikawa desturi. Mumbua analala kitanda cha chini, Silvesta sakafuni, na kabla ya alfajiri mama anarudi na gari kukamua mbuzi wake. Likizo ya Silvesta ilikuwa imefika ikapita. Kampuni yao ya ulinzi ilimwambia arudi bukra, yaani kesho, na pasipoti yake ilikuwa kwenye kabati la kampuni. Alfajiri moja alikaa karibu na mama yake ili waende wote. Gari lilifika kwenye duka la fundi cherehani, mtaa ule ule, likazima. Akashuka, likawaka. Akapanda tena, likazima.

"Shuka tu, mwanangu," Mumbua akasema. "Mimi halinikatai. Ni wewe hawajakuachilia."

Akashuka, akampungia mkono.

Halafu Levis akapiga simu tena. "Broo, tumalize mambo ya jina. Ann wangu siku zake za kujifungua zimekaribia. Uchungu ukimshika usiku nimbebe na nini, bodaboda?"

Silvesta aliona ni haki. Akajaza fomu ya kubadilisha jina kwenye simu mpaka mwisho, ikabaki namba ya kuthibitisha. Namba hiyo hutumwa kwa laini yake ya nyumbani, na laini hiyo alimwachia mama yake, ambaye hufunga simu kwenye pindo la leso.

"Mwaitu, kuna namba imeingia?" akamuuliza mama yake jioni.

"Bado. Si unaujua mtandao wa kwetu."

Simu ikalia ndani ya leso. Kiprono akakohoa. Silvesta akamwongezea mama yake chai. Kesho yake akaomba namba nyingine, na mama akasema bado, na chai ikaongezwa.

Jioni iliyofuata gari lilikuja na watu wawili. Mumbua alikuwa nyuma, na mbele alikuwa Ann, ameshika mlango, anapumulia mdomo. Levis alikuwa amemkalisha ampeleke hospitali, na jua likazama akiwa bado anazunguka upande wa usukani.

"Shemeji," Ann akasema, "samahani kwa usumbufu."

Haris akaleta maji. Silvesta akaomba namba. Mumbua akafungua leso, akaisogeza simu mbali na macho, akaisoma tarakimu moja moja, kwa sauti, kama alivyofundishwa darasa la tatu. Kisha akajifunga leso vizuri, akarudi kiti cha nyuma.

"Bonyeza."

"Nikibonyeza hutakuja tena, Mwaitu."

"Ningekuwa sijui, ningekusomea siku ya kwanza. Bonyeza, mtoto hangoji ofisi."

Akabonyeza. Gari likageuka, likapita pale kwa fundi cherehani bila kusita, na mkono wa mama ukaonekana dirishani mpaka kwenye kona.

Asubuhi Levis aliandika: msichana, wamempa jina Mumbua, na gari limelala nyumbani. Haris akayakunja maboksi yale akayaweka chini ya ngazi, hakuyatupa.

Silvesta alipitia ofisi ya kampuni kabla ya zamu. Karani akamwambia pasipoti ipo, haijapotea, arudi bukra. Silvesta akashukuru, akaenda getini West Bay, akavaa kofia. Gari la kwanza likaja. Akabonyeza kitufe, kizuizi kikainuka, gari likapita.