Madigadi ya Kushoto

Baba alirudi matembezini mkono kaficha mfukoni, na suruali inalowa damu.

"Nini hicho?"

"Jasho."

Jasho jekundu, jamani! Nilikuwa nimeshinda gereji nikigonga mabati ya watu, miguu imevimba, sina hata nguvu ya kugombana. Nikautoa ule mkono, nikauosha, nikaufunga kitambaa. Sikuhitaji kuuliza kilichomkata. Ilikuwa madigadi ya kushoto ya pikapu yake, lile bati la juu ya gurudumu la mbele.

Pikapu hiyo ni kongwe kuliko mimi, na huegeshwa nje, ubavuni mwa geti letu. Mtaa wetu ni ukuta mmoja mrefu na mageti yanayofanana. Macho ya baba yamefifia, na kumbukumbu ndiyo hivyo tena, inakuja ikipenda. Lakini jioni lazima atembee, na ole wako umkataze. Akirudi anapapasa ukuta, kisha gari, mpaka kiganja kiguse mbonyeo ulio juu ya taa ya kushoto. Hapo anajua kafika kwake, anasukuma geti.

Mbonyeo huo aliutia marehemu mama, siku anajifunza kuendesha, akaivaa nguzo. Baba ndiye aliyekuwa fundi bodi wa mji mzima, kanyoosha magari ya kila mtu, ila hilo lake alikataa lisiguswe. "Hiyo ni sahihi ya mke wangu," alikuwa akisema, na mama anamtupia kanga.

Lakini kutu haina adabu. Ilikuwa imezila madigadi zote mbili kutoka chini, kingo zimebaki kama msumeno. Nilijaribu viraka. Nikigusa moto hapa, bati linatoboka pale; nikiziba pale, linafunguka kwingine. Mwisho nikanyoosha mikono. Nikaenda kwenye magari mabovu, nikapata madigadi nzima, nikazifunga, na mpiga rangi wetu, tunayemwita Kioo kwa sababu haachi gari mpaka ajione uso, akazipaka zikang'aa. Majirani walisifia. Nami nikajisikia mtu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jioni ile baba hakurudi.

Nilimkuta mwisho kabisa wa mtaa, kaketi kizingitini kwa fundi cherehani, viatu mkononi. Alikuwa amepita mbele ya geti letu, akaligusa gari, akaendelea na safari.

"Wamehamisha nyumba yangu," akaniambia. Alikuwa analia. Nilikuwa sijawahi kumwona baba analia, hata siku ya kumzika mama.

Kaka nikampigia simu. Yeye anaishi mbali, na walio mbali wana majibu mepesi. "Mfungie geti, basi."

"Umfungie wewe!" nikamkatia. Baba akifungiwa ndani hatamaliza mwaka, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Kutembea ndiko kulikobaki katika maisha yake.

Asubuhi nikaipeleka pikapu gereji, baba kando yangu, nikachukua nyundo. Kioo alinitazama nikiibonda rangi yake mbichi, akashika kichwa. "Dada, umerogwa?" Nilibonda palepale juu ya taa, upana uleule, nikamwita baba aguse.

Akapitisha vidole. Akarudia. "Nyundo," akasema kwa dharau. "Tena ya mtu mwenye hasira. Gari hili si langu."

Mzee hajui leo ni siku gani, lakini vidole vyake havijasahau kazi! Nilitaka kucheka, nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi la msasa. Nimechoka, nikasema kwa sauti. Nimechoka na mabati, nimechoka na kutafutana barabarani, nimechoka kuwa mama wa baba yangu. Kioo akajitia anatafuta brashi.

Kisha nikajikaza kisabuni, nikainuka. Nyuma ya gereji, ile madigadi ya zamani ilikuwa bado imelala kwenye lundo la vyuma. Chini kote ilikuwa unga mtupu, lakini juu ya taa, alipobonda mama, bati lilikuwa zima. Nikalikata lile pande na mbonyeo wake. Nikatoboa tundu la kipimo hichohicho kwenye madigadi mpya, nikalipachika, nikachomelea kidogo kidogo, nikingoja lipoe kila mara lisije likajikunja na kuupoteza ule mbonyeo. Nikasaga mshono mpaka kiganja changu hakikwaruziki. Rangi sikupaka. Kiraka kilikaa pale, kibaya kupita maelezo, na pikapu nikairudisha getini.

Jioni nikasimama kando ya geti, roho juu. Baba akaja anapapasa ukuta. Akaligusa gari. Mkono ukateleza kwenye ubavu uliong'arishwa, ukafika juu ya taa, ukasimama. Uso ukamfunguka. "Huyu mwanamke," akasema, "na breki zake."

Kisha vidole vikaanza kuufuata mshono, polepole, pande zote. Akageuka, akaniona nimesimama.

"Wewe ndiye uliyechomelea hapa?"

"Ndiyo, baba."

"Kazi safi, fundi. Una subira." Akanisogelea, akapunguza sauti kama anayetoa siri. "Nina binti yangu, naye anajifunza kazi hii. Ana haraka sana. Ukipata nafasi, mfundishe."

Nikamwambia nitamfundisha. Akasukuma geti mwenyewe, akaniambia karibu.